Sauti ya Kabatini

Naapa. Naapa kwa jicho langu la kulia, lile ambalo daktari alilitoa mtoto wa jicho mwezi wa pili na sasa linasoma hata maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa. Yote nitakayosimulia leo ni kweli tupu, sijatia hata punje ya chumvi. La kushoto silitaji. Hilo bado halijafanyiwa kazi, sitaki kuliingiza kwenye ushahidi.

Najua mtacheka. Mmenisoma humu gazetini wiki kumi na moja sasa na mnanijua. Mmenisoma nikiacha kazi ya kusoma mita za maji ili niimbe. Mmenisoma nikitimuliwa kwenye bendi kwa sababu nilikataa kuimba nyimbo za kiongozi peke yake. Mmenisoma nikirekodi mwenyewe nyumbani, nikinakili kaseti mojamoja juu ya meza ya kulia, nikiandika majina ya nyimbo kwa kalamu, na kuzunguka na mfuko begani kutoka saluni moja hadi nyingine mpaka nikapata jina, Sauti Mbili. Yule mbwa wa polisi aliyetokwa machozi niliposhika gitaa, naomba mmsahau kidogo.

Wiki iliyopita niliwaambia mambo mawili.

La kwanza, kwamba marehemu mke wangu ndiye aliyeimba nami kwenye kaseti ya kwanza, akiwa amesimama ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, kwa sababu nguo humeza mwangwi. Hilo ni kweli.

La pili, kwamba kaseti ile yenye sauti yake ilichukuliwa na mafuriko, nami nikaogelea kuifuata mpaka darajani, nikaikosa kwa urefu wa kidole.

Hilo la pili ndilo lililonileta hapa.

Jumapili, saa nne asubuhi, binti yangu aliingia kwangu bila hodi. Gazeti alikuwa amelikunja kama fimbo. Ni mfamasia, amezoea kusoma miandiko mibaya ya madaktari, kwa hiyo mwandiko wa uongo haumshindi.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Chai baadaye. Mafuriko haya yalikuwa mwaka gani?"

"Ule mwaka wa mvua kubwa."

"Tulikuwa tunakaa wapi?"

"Si pale nyuma ya kiwanda cha sabuni."

"Ghorofa ya ngapi?"

Nikajitia kutafuta miwani.

"Ghorofa ya tatu, Baba. Nilikuwa mdogo lakini ngazi zile nilizihesabu. Sasa maji yalipandaje? Yalipita ngazini au yalibebwa mgongoni?"

"Yalikuwa maji mengi sana, mwanangu."

"Yakawaruka wa ghorofa ya kwanza, yakawaruka wa ya pili, yakaja moja kwa moja kwetu. Wale wengine hawakuwa na kaseti?"

Nikacheka. Naye akacheka. Nikadhani yameisha, maana kwetu chuku zangu huishia hivyo. Tunacheka, chai inamiminwa, mambo yanakwenda.

Akakaa. Akafungua mkoba wake.

"Usijali," akasema. "Mafuriko yako yameirudisha."

Akaweka kaseti mezani.

Nyinyi mnaosoma hamkuiona. Niwaambie ilivyo. Rangi ya majivu, kona moja imepasuka. Ubavuni ina karatasi iliyobandikwa, imegeuka manjano, na juu yake kuna mwandiko wa kalamu ya bluu, herufi za mviringo, za mtu aliyejifunza kuandika kwa bidii ukubwani: "Sauti yangu. Usirekodi juu."

Nikaivuta karibu yangu.

"Umeitoa wapi?"

"Ulipokuwa wodini na jicho lako, nilikuja kukufulia. Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa lile koti lako la jukwaani. Nikaipeleka kwa fundi redio, akaifungua, akaipangusa, akabadilisha kigurudumu kimoja. Sikukuambia. Nilitaka niisikilize peke yangu kwanza."

"Umeisikiliza?"

"Kila siku, Baba. Miezi miwili."

Akatoa redio ndogo ya kaseti, akaipachika kwenye umeme, akabonyeza.

Hapa lazima niwaeleze tulivyokuwa tukifanya kazi, la sivyo hamtanielewa. Nilikuwa na mashine mbili tu. Kwanza tulirekodi gitaa na sauti ya pili, basi. Pale ambapo mimi nitaimba, tuliacha pengo. Kisha mashine ya kwanza inacheza, mimi naimba juu yake, mashine ya pili inakusanya vyote. Kwa hiyo kaseti ile ya mwanzo ina gitaa, ina mapengo, na ina mtu mmoja anayejibu.

Wimbo wenyewe ni wa mtu anayemwita mwenzake. Mimi nauliza, "Uko wapi?" Sauti ya pili inajibu, "Nipo, nipo."

Redio ikakwaruza. Gitaa likaingia. Halafu pengo. Halafu sauti nyembamba, ya juu, ikajibu: "Nipo, nipo."

Binti yangu akafumba macho.

Pengo jingine. Safari hii akalijaza mwenyewe, taratibu, kama anayeongea na mtu chumba cha pili: "Uko wapi, Mama?"

"Nipo, nipo," kaseti ikajibu.

Wasomaji wangu, ile si sauti ya mama yake.

Ile ni sauti yangu. Mimi hapa, mzee huyu huyu, nilipokuwa na miaka thelathini na nane, nimebana koo kama mtu aliyefinywa na mlango.

Sikumwambia. Nisubirini nitawaambia kwa nini.

"Baba," akasema, machozi yakiwa yameshafika kidevuni, "unajua Jumatano ni siku gani?"

"Katikati ya wiki."

"Mama alifariki akiwa na miaka thelathini na minne na siku kumi na nane. Nimepiga hesabu kwenye kalenda mara tatu. Jumatano mimi nafikisha siku kumi na tisa." Akajifuta kwa gazeti, akajipaka wino shavuni. "Kuanzia Jumatano mimi ni dada yake mkubwa. Sikutaka nimpite hivihivi bila kumsikia. Namkumbuka mikono. Namkumbuka harufu ya sabuni. Sauti sikuwa nayo kabisa. Ningempita kama mtu unayekutana naye barabarani."

Nikafungua mdomo. Naapa kwa jicho lile lile, nilifungua mdomo niseme kweli.

"Mwanangu..."

"Ee, Baba?"

"Hapo alikuwa na mafua kidogo."

Akaangua kicheko katikati ya kilio. "Ndiyo maana sauti inatokea puani!"

"Ndiyo maana."

"Na hiki kipande cha selotepu hapa juu, kimewekwa mara mbili?"

"Kinazuia vumbi."

"Mama alikuwa mwangalifu jamani."

"Mno."

Alipoondoka aliniambia Jumatano, saa kumi alasiri, niende kwake. Atatoa ruhusa kazini. Tutakuwa watatu tu: yeye, mimi, na mama yake mdogo. Tutakaa, tutasikiliza kaseti pamoja, basi.

"Mama mdogo wa nini? Yule ana kazi nyingi."

"Ni dada yake, Baba. Walilala kitanda kimoja miaka kumi na tano."

Hicho ndicho kilichokuwa kinanitisha.

Jumatatu nilimpigia simu shemeji yangu. Anashona sare za shule, huwezi kuongea naye bila kusikia cherehani.

"Shemeji, nasikia mgongo unakusumbua."

Cherehani ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Nimesikia tu. Sasa Jumatano usihangaike. Ngazi za kwa mwanetu zina mwinuko mkali."

"Shemeji."

"Naam."

"Mgongo wangu mzima. Wewe umefanya nini?"

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Miaka thelathini hujawahi kuniuliza hali yangu. Leo unauliza mgongo. Nitakuja mapema."

Akakata simu.

Jumanne binti yangu alinitumia ujumbe wa sauti. Nikaufungua nikiwa nimesimama kwenye foleni ya benki, simu sikioni. Alikuwa amejirekodi akiimba na kaseti, mtu na mama yake. "Uko wapi?" anauliza yeye. "Nipo, nipo," najibu mimi, miaka thelathini nyuma. Kisha mwishoni wakaimba pamoja, na hapo nikasikia kitu kilichonifanya nitoke kwenye foleni.

Alikuwa anaimba kupitia puani.

Binti yangu ana sauti safi kama maji ya bomba. Lakini kwa miezi miwili alikuwa amejifunza kubana pua, kidogokidogo, kwa upendo, akidhani anamfuata mama yake. Alikuwa amejifunza kosa langu.

Hata hapo, wapendwa, hata hapo nilijipa moyo. Nikajiambia, sauti ni sauti. Mtoto amepata kitu cha kushika, nani ananufaika nikimnyang'anya? Nikajipangia maneno matamu usiyoweza kuyapinga. Mimi katika kujidanganya ni fundi kuliko nilivyo katika kuwadanganya nyinyi.

Jumatano nikavaa shati la mikono mirefu, nikaenda.

Shemeji alikuwa ameshafika. Ameketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, pini bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni, mikono juu ya magoti kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Shikamoo, shemeji," nikasema, ingawa mimi ndiye mkubwa.

"Umeanza," akasema.

Binti yangu alikuwa amefunga pazia nusu. Ameweka redio katikati ya meza juu ya kitambaa cheupe, na pembeni picha ya mama yake, ile aliyopigwa akiwa na mimba ya miezi mitano, amekunja uso kwa sababu ya jua. Akatutazama mmoja mmoja. Kila mara alikuwa anarekebisha kile kitambaa, kama msichana anayeleta mchumba nyumbani.

"Mama mdogo, jiandae," akasema. "Utalia."

Akabonyeza.

Gitaa. Pengo. "Nipo, nipo."

Sikutazama redio. Nilitazama uso wa shemeji. Mwanzoni uliinuka, kama mtu aliyesikia hodi aliyoisubiri siku nyingi. Kisha ukatulia. Kisha ukajifunga.

"Nipo, nipo."

"Zima," akasema.

"Mama mdogo, bado kuna..."

"Zima, mwanangu."

Binti yangu akazima. "Imekuuma? Pole. Hata mimi mara ya kwanza..."

"Huyo si dada yangu."

Nyumba ya jirani mtu alikuwa anapiga msumari ukutani. Nikautamani ule msumari.

"Ni yeye," binti yangu akasema. "Ana mafua. Baba amesema alikuwa na mafua."

"Mafua!" Shemeji akanigeukia polepole. "Dada yangu, awe na mafua, awe na homa, awe amelala, alikuwa akijibu wimbo anachelewa. Kila mara. Nusu ya pumzi. Hata kanisani walikuwa wakimgombeza. Huyu anaingia kwa wakati kama anayepigiwa kengele. Huyu ni shemeji, amebana pua."

"Baba?"

Nikakohoa. Jamani, mtu akiwa anazama hushika chochote. "Mashine zile za zamani," nikasema, "zilikuwa na tabia ya kuharakisha. Unaweza kukuta sauti imesogea mbele yenyewe."

"Nipe hiyo kaseti," shemeji akasema.

Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kucha yake ikasimama juu ya selotepu.

"Hii nini?"

"Inazuia vumbi," binti yangu akajibu, akiwa bado ananitetea, Mungu ambariki.

"Vumbi." Shemeji akacheka kicheko kisicho na meno. "Njoo hapa uone. Kaseti mpya huja na vimeno viwili vya plastiki hapa juu. Ukivivunja, mashine inakataa kurekodi, kilichomo kinabaki. Dada yangu alivivunja mwenyewe, kwa ncha ya mkasi wangu, kwenye chumba changu cha kushonea. Akaniambia, sasa hata akitaka hawezi. Ili urekodi tena ni lazima uzibe yale matundu." Akanining'inizia kaseti mbele ya macho. "Kwa selotepu. Mara mbili, isije ikatoboka. Hili si jambo la mkono kuteleza, mwanangu. Hapa mtu alikaa chini, akakata, akabandika, akabonyeza."

Binti yangu hakupiga kelele. Ningeomba apige. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu, kama anavyokaa na mgonjwa anayemweleza dawa.

"Baba. Sema."

Nikasema. Na sasa nawaambia na nyinyi, kwa sababu ni sharti nililopewa, mtaliona.

Nilipomaliza kaseti ile ya kwanza, nilipeleka nakala moja redioni. Mtangazaji akaicheza adhuhuri moja. Tulikuwa wote watatu nyumbani, mtoto amelala kifuani kwa mama yake. Wimbo ukaisha, tukashikana mikono. Mtangazaji akasema, "Wimbo si mbaya. Lakini huyo mama wa nyuma, anayechelewa kujibu, huyo ndiye mwimbaji. Huyo bwana anamzibia njia."

Mke wangu akacheka, akasema, "Hajui kitu huyo." Alicheka kwa ajili yangu.

Wiki ile barua zikaja, zote zinamwulizia mama wa nyuma. Mtu wa bendi akapanda ghorofa zetu tatu, akanipita mlangoni kama pazia, akamwambia yeye, "Dada, njoo ufanye majaribio." Mke wangu akamjibu, "Mimi naimba na mume wangu. Siendi popote." Akamfungia mlango.

Siendi popote, alisema. Na mimi nilisikia, "Ningeweza kwenda."

Nilikuwa nimeacha mshahara, nimeacha bendi, nimekuwa kichekesho cha ukoo, ili niwe mwimbaji. Na mwimbaji alikuwa kabatini.

Siku ya Alhamisi alimpeleka mtoto kliniki. Nikakata selotepu. Nikaingia mwenyewe kwenye kabati na gitaa, katikati ya magauni yake, nikaimba nyimbo zote sita kwa sauti nyembamba. Kisha nikaenda redioni, nikaomba ile nakala nikisema ina hitilafu, nayo nikaifanya vilevile. Zilikuwa mbili tu duniani.

Aliporudi, nilimchezea. Sikumwambia kitu. Alisikiliza akiwa bado amembeba mtoto, viatu miguuni. Wimbo ukaisha.

"Umeimba vizuri," akasema.

Akaenda kubandika chakula jikoni. Hakuingia tena kwenye kabati lile isipokuwa kuchukua nguo. Baada ya miezi minane alipata homa ya siku tisa, ya tisa hakuiona jioni yake.

Kaseti ile, yenye sauti zangu mbili, ndiyo iliyonipa jina, saluni zote, stendi zote. "Huyu bwana anaimba kama mwanamke na mwanamume kwa mpigo!" Nikazipokea zile sifa kama mtu anayepokea mkate, na nikala miaka thelathini.

"Ulikuwa unajua?" binti yangu akamwuliza mama yake mdogo.

"Nilijua siku ya kwanza nilipoisikia kwa msusi. Dada yako... mama yako," akajirekebisha, maana hata yeye alikuwa amechanganyikiwa, "alinikataza. Alisema, mwache, ana njaa ya sifa, akishiba atarudi."

"Miaka thelathini hukuniambia."

"Hukuniuliza mimi. Ulimwuliza huyu, na huyu ana mafuriko."

Binti yangu akanigeukia. Uso wake ulikuwa umetulia mno.

"Utaandika gazetini," akasema. "Wiki hii. Kama ilivyo. Selotepu iwepo."

"Nitaandika."

"Hutaandika kwamba ulilia kabatini."

"Sikulia."

"Vizuri. Sasa kuna deni jingine. Kaseti umefuta, sawa. Kichwani kwako hujafuta. Uliishi naye miaka saba. Niambie sauti yake ilikuwaje. Bila chumvi, Baba. Sitaki ndege, sitaki asali, sitaki chemchemi. Ilikuwaje?"

Mnisikilize vizuri hapa.

Nilifumba macho nikamtafuta. Nilimwona. Nilimwona amesimama kabatini, mkono umeshika koti langu la kijivu ili asiyumbe. Niliuona mdomo wake ukifunguka. Nikasubiri.

Nikajisikia mimi.

Nikajaribu kwingine. Akiniita nile. Akimbembeleza mtoto. Akigombana na mwenye duka kuhusu mafuta ya taa. Mdomo unafunguka, sauti inayotoka ni ile ya kaseti, nyembamba, ya puani, inayoingia kwa wakati. Nilikuwa nimeiimba jukwaani miaka thelathini, mara elfu na zaidi. Nilikuwa nimerekodi juu yake mahali ambapo hapakuwa na vimeno vya kuvunja.

"Baba?"

"Sina," nikasema.

"Usinifanyie hivyo."

"Sina, mwanangu. Natafuta, najikuta mimi tu."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anachunguza kama nalo ni chuku. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliomba liwe chuku.

Ndipo akaanza kulia, si kama Jumapili. Jumapili alilia kama mtu aliyepata. Aliinamia meza, paji la uso juu ya kitambaa cheupe, akawa analia kwa sauti yake mwenyewe, ile isiyobana pua, na katikati ya kilio akasema neno moja tu, "Nimempita. Nimempita."

Nikanyoosha mkono. Shemeji akaupiga.

"Mwanangu," shemeji akasema. "Inua kichwa. Mimi ninayo."

Binti yangu akainua kichwa.

"Tulikuwa tukijibizana na dada usiku tukiwa tumezimiwa taa, mama asitusikie. Watu walikuwa hawatutofautishi, isipokuwa kuchelewa kwake. Kuchelewa nakuweza. Tangu azikwe sijaimba, hata nikiwa peke yangu na cherehani. Lakini ipo. Sijaigusa." Akachomoa pini moja kwenye ukosi, akaichomeka upya, kama anayejipanga. "Nitakuimbia. Kwa sharti moja."

"Lolote, Mama mdogo."

"Huyu atoke."

"Shemeji," nikasema, "nionee huruma. Hata mimi nimeipoteza. Niacheni nikae kule kona, sitapumua."

"Wewe uliisikia ikiwa mbichi, kila siku, bure," akasema. "Ukaichoka. Toka."

Nikamtazama binti yangu. Nilitegemea atasema neno. Hajawahi kunifukuza, hata siku niliyomwimbia mkwe wake wimbo wa kejeli.

Alinyanyuka, akachukua viatu vyangu pale mlangoni, akanipa mkononi.

"Baba, lipa," akasema. Kwa upole. Upole ule ndio ulionimaliza.

Nikatoka na soksi. Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye ngazi ya pili. Mama wa mlango wa jirani alipita na kikapu, akaniambia, "Mzee Sauti Mbili, umefukuzwa?" Nikamwambia napunga upepo. Akaniangalia soksi, akapita zake.

Alipopotea nikarudi mlangoni, nikabandika sikio. Nilisikia kiti kikivutwa. Nilisikia shemeji akikohoa, akisafisha koo. Nikashika ukuta kwa mikono miwili.

Halafu, wasomaji wangu, akafungulia redio.

Makusudi! Ananijua. Alijua nitabandika sikio. Mpira ulikuwa unatangazwa, mtangazaji anakimbia na winga upande wa kushoto, anapiga kelele kama nyumba inaungua, mashabiki nyuma yake wananguruma. Na chini ya kelele zote hizo, mbali, kama uzi mweupe ndani ya gunia, kulikuwa na mtu anaimba.

Sikushika neno. Sikushika hata mwendo. Nilijua tu kwamba ipo, upande wa pili wa ubao wenye unene wa vidole viwili, na kwamba mtoto wangu anaisikia na mimi siisikii.

Ile sauti ikakatika ghafla. Redio ikazimwa.

Hatua zikaja. Za binti yangu, nazijua, anakanyaga kisigino kwanza. Zikasimama hapo hapo, upande wa pili, karibu na sikio langu.

"Baba, uko hapo?"

Nikafungua mdomo niseme nipo, nikachelewa.

Ufunguo ukaingia kwenye kitasa, ukazunguka mara moja. Na mimi, nimesimama na viatu mkononi, sikujua kama unafunga au unafungua.